Pilipili za Mama na Maji ya Wadi

Kila alfajiri, kabla basi la skuli halijapiga honi, Wijdan alimimina maji ya kisima katika pipa la kuchujia. Juu kitambaa, chini yake mchanga, kisha makaa, kisha kokoto. Maji yalitoka matone matone, ndoo moja robo saa, na miche thelathini ya pilipili mbuzi ilitaka ndoo tatu. Mbegu zake marehemu mama yake alizileta kutoka Unguja. Nyingine hazikuwapo.

Nyumba yao ilikuwa katika mtaa uitwao Ghala, mgongoni mwa karakana za magari. Oili chafu ilimwagwa katika wadi, bonde kavu lililopita nyuma ya ua, ikapenya mpaka kisimani. Majirani walilalamika mpaka sauti zikawakauka. Wakubwa wakaja na magari yenye vioo vyeusi, wakanywa kahawa, wakala halua, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Kwao hakunuki.

Alhamisi mvua ikanyesha, ya kwanza mwaka ule. Watu wakatoka nje wakishukuru, wadi likajaa, na kulipokucha likaacha dimbwi kubwa karibu na ua. Wijdan alikuwa amekaa kando ya pipa lake.

"We Wijdan!" akacheka Aws, mtoto wa ami yake. "Unangoja matone kama paka mlangoni mwa bucha? Mvua ni baraka ya Mungu. Baraka nayo inachujwa?"

Wijdan akaona haya. Akateka dimbwini ndoo tatu, akamwagia miche yote, akaenda kucheza.

Siku ya tatu majani yakawa manjano, ncha zimeungua kama zilizopitiwa na moto. Bibi yake, Bi Shaikha, akachota udongo, akaunusa.

"Umeipa nini miche hii?"

"Maji ya mvua, Bibi. Aws alisema..."

"Mimi nilikushika mkono?" Aws akaruka.

"Nyamaza, mdomo mrefu! Mvua imepita kwenye oili ya karakana, nyinyi mnaita baraka." Bi Shaikha akamgeukia Wijdan. "Ng'oa iliyokufa. Mmoja mmoja. Hesabu kwa sauti, nisikie."

Wijdan akang'oa, machozi yakimdondokea vidoleni. Alipofika kumi akaomba apumzike.

"Mama yako alipumzika? Alizifunga mbegu hizi kwenye ncha ya kanga, akavuka nazo bahari. Wewe umeziua kwa ndoo tatu. Endelea."

"Ishirini na sita," akasema mwishowe, sauti imekatika.

Minne ilikuwa na ukijani kidogo kwenye shina. Bi Shaikha akamwamuru Aws abebe udongo mpya kutoka mbali, jua la adhuhuri likimchoma kisogo. Wijdan akaosha mizizi kwa maji yaliyochujwa, akaipanda upya, akainywesha taratibu, wiki mbili bila kukosa siku. Mmoja ukafa. Mitatu ikachipua.

"Mbegu tutapata," alisema Bi Shaikha, akiligusa jani jipya. "Lakini sikiliza, na wewe Aws. Mvua ni safi ikiwa juu. Ikishagusa uchafu wa watu, mmea unakunywa uchafu, na wewe unaula. Chuja. Wala usimngoje mkubwa aje akuchujie, yeye hanywi maji yako."

"Umenisamehe, Bibi?"

"Bado. Kaoshe mchanga wa pipa."

Wijdan akainuka, akaenda kuuosha.