Aliyefuta Orodha ya Wagonjwa

"Unamuua mama!"

Nilimpigia kelele kaka yangu wa tumbo moja, mlangoni mwa wodi, watu wamejaa. Na shati nikamkunja!

Jamani, mnisikilize, maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi na kaka tulitengeneza programu ya simu kwa kliniki ya figo alikokuwa akitibiwa mama. Mgonjwa anafungua simu, anaona zamu yake ya kusafishwa damu. Manesi waliipenda hadi wakaacha kuandika kwenye daftari.

Tulibishana kitu kimoja tu: tuiweke kwenye seva za kampuni gani?

"Tuchukue hii ya kulipia," kaka akasema. "Hawa ukiwapigia simu wanapokea."

"Wakati ile nyingine ni bure? Tulipie ya nini?"

"Mdogo wangu, hizi ni roho za watu..."

"Acha uoga, bro! Fundi hapa ni mimi."

Nikashinda. Nikaisajili mwenyewe, neno la siri nikampa. Kaka akanuna, akajitoa kwenye kazi.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu asubuhi, nesi akapiga.

"Dada, orodha haifunguki!"

Nikaingia kwenye akaunti... patupu! Programu hakuna. Majina ya wagonjwa hakuna. Nakala ya akiba ndiyo kabisa, sikuwahi kuweka.

Kliniki ilivurugika. Wagonjwa walikuja wote kwa pamoja, kila mtu anadai zamu ni yake. Mama na upole wake akawa anasema, "Wenye hali mbaya watangulie." Siku mbili mfululizo akarudi nyumbani bila kusafishwa. Siku ya tatu akashindwa kupumua, tukamkimbiza wodini.

Nani mwingine alikuwa na neno la siri? Kaka peke yake! Nikamwambia mama hivyo hivyo, pale kitandani.

"Sijafuta, mama. Haki ya Mungu sijafuta!" Kaka analia, mtu mzima.

Mama akageukia ukutani.

"Asiguse jeneza langu."

Na hakuligusa. Alisimama nje ya geti la makaburi mpaka tukamaliza.

Wiki iliyopita nikataka kuifunga ile akaunti. Wakasema nithibitishe kwa barua pepe niliyojisajilia. Mwenzenu anwani hiyo niliifungua mpya siku ile ile ya kujisajili, ili matangazo yao yasinisumbue kwenye ile ninayotumia kila siku. Sikuwahi kuingia tena.

Nikakuta barua sita!

"Huduma ya bure hufungwa baada ya siku tisini usipoithibitisha. Data zote zitafutwa."

Ya mwisho ilitumwa Ijumaa. Mimi Jumamosi nilikuwa saluni.

Ni mimi, jamani. Ni mimi!

Wewe unayetafuta pa kuweka programu yako, usianze na bei. Uliza kwanza, siku wakitaka kuizima watamwambia nani, na huyo mtu barua zake anasoma?

Kaka amenibloku kila mahali. Nimeenda kwake, amehama. Anayemfahamu amwonyeshe hii posti... Mwambieni mama alimkataa kwa uongo wangu.