Maziwa ya Mama Mkwe

Katika msongamano wa soko la Kilombero, Anneth alimkuta kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri, akijikuna mgongo kwenye nguzo ya kibanda cha maharage.

"Kaka, nguzo hiyo ina mwenyewe."

"Basi niazime kucha zako, dada."

Alicheka bila kutaka. Miezi minne baadaye walikuwa wapenzi, naye kijana huyo, Elimringi, alikuwa amekwisha kumweleza kwamba figo zake zimeshindwa kazi na damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Anneth hakukimbia. Kilichomchosha ni ukaidi: daktari alishauri vipindi vya saa nne virefushwe viwe vya saa sita, lakini kila Jumamosi Elimringi aliomba kutolewa baada ya saa tatu tu, kisha simu yake haikupatikana. Kama si mwanamke, ni nini?

Ijumaa, mama yake Anneth alipiga simu kutoka kijijini Oldonyo Sambu.

"Mwambie mkwe wangu kesho asichelewe. Maziwa yameganda vizuri."

"Mkwe yupi, mama?"

"Kwani unao wangapi? Kila Jumamosi huyo Elimringi wako anakimaliza kibuyu kizima. Ana adabu, si kama wewe."

Kesho yake Anneth aliingia kliniki, gauni la kitenge likipepea kwa hasira, akamkuta Elimringi amekwisha kuunganishwa na mashine.

"Unanisaliti na mama yangu!"

"Mpenzi, ningekataaje kibuyu cha mama mkwe? Angesema namdharau. Na gari la mwisho la Oldonyo Sambu halinisubiri."

"Madini ya fosfeti ndiyo yanayokuwasha hivyo, na maziwa yamejaa hiyo fosfeti! Nyingi imejificha mwilini, hutoka polepole. Ukiikatiza mashine mapema, inachota ya kwenye damu tu. Ukifika nyumbani, iliyobaki inajaa tena. Daktari amekueleza mara ngapi? Mifupa yako itasagika, moyo wako uwe mgumu kama jiwe, nami nibaki na kibuyu!"

Akampigia mama yake palepale, akamweleza yote.

"Mpe simu huyo mjinga," alisema mama. Elimringi alipoanza kumwamkia, akamkatiza: "Shikamoo yako sitaki! Nilitaka mkwe, sikutaka marehemu mwenye adabu. Kaa hapo mpaka daktari atosheke."

Elimringi alirudisha simu, akamwita muuguzi.

"Naomba uniwekee saa zote sita." Kisha, kwa sauti ndogo: "Anneth, utanioa hata hivi, nimefungwa mipira ya mashine?"

"Mwanamke haoi, huolewa," alijibu, akivuta kiti karibu. "Nioe basi, unanichosha."