Glasi Isiyokuwa Yake

Kitu cha kwanza ambacho Inspekta alikiona pale mgahawani hakikuwa maiti. Kilikuwa mwayo.

Msichana alikuwa amekaa pembeni, karibu kabisa na marehemu, akapiga mwayo mrefu mpaka machozi yakamlengalenga. Akaziba mdomo haraka kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Kabla hajaushusha mkono, akapiga mwingine.

"Umemwona huyo, afande?" Sajenti alinong'ona. "Mtu amemfia mezani, yeye anasikia usingizi. Moyo wa jiwe."

Inspekta aliisogelea meza. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Kituoni walitaniana kwamba ukitaka kuisikia sauti yake, umkanyage kidole.

Marehemu alikuwa ameinamia meza, shavu juu ya kitambaa cheupe, kama anayesikiliza jambo ndani ya mbao. Katika vilima vile vya mizabibu kila mtu alimwita Ulimi. Mwaka hata mwaka alizunguka mji kwa mji akitafuta migahawa inayopika vizuri na mvinyo usiomdanganya mnywaji, kisha akatoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri. Mgahawa aliousifu ulijaa. Aliounyamazia ulibaki na nzi wake.

Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye aproni, alilia kwa kwikwi. Alisema marehemu hakuwahi hata kumgusa samaki wake. Ilikuwa vigumu kujua anamlilia nani kati ya hao wawili.

Inspekta aliitazama meza. Chupa moja ya mvinyo mwekundu. Glasi mbili. Iliyokuwa mbele ya marehemu ilikuwa tupu, na ukingoni ilikuwa na alama ya rangi ya mdomo. Iliyokuwa mbele ya msichana ilikuwa imejaa karibu yote, na ukingo wake ulikuwa safi.

Wapigapicha walipomaliza, chupa na glasi zote mbili zilitiwa kwenye mifuko ya ushahidi zikapelekwa maabara.

Ndipo akaingia mwanamke mwingine, mbio, viatu mkononi. Alikuwa mpwa wa marehemu. Ulimi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mpwa huyo ndiye aliyekuwa akimtangulia njiani. Alipewa habari akiwa tayari mji wa pili, akiandaa meza ya jioni. Alimwangukia mjomba wake, na ikabidi askari wawili wamwinue.

Alipotulia kidogo, Inspekta alimuuliza kazi yao inakwendaje. Mpwa alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayepata nafuu kwa kuitaja kazi. Yeye hutangulia kila mji. Huwauliza wavuna zabibu wanakula wapi siku ya mshahara. Huzunguka nyuma ya mgahawa akaangalia pipa la taka, kwa sababu mlango wa mbele hujua kusema uongo lakini pipa halijui: ukiona maganda, wanapika, ukiona makopo, wanapasha moto. Akiridhika, huagiza meza kwa jina lisilo lao, huhakikisha kiti cha mjomba kinautazama mlango wa jikoni, kisha huondoka kwenda mji unaofuata kabla wenyewe hawajafika.

"Na huyu msichana?"

"Binti wa mkulima mmoja wa zabibu. Mjomba alimwokota msimu huu." Akakitazama kiti cha msichana. "Zamani nilikuwa nakaa mimi pale."

Alisema bila chuki, kama anayetaja nyumba aliyohama.

*

Majibu ya maabara yalifika kesho yake. Chupa ilikuwa safi. Glasi iliyojaa ilikuwa safi. Ile yenye rangi ya mdomo ilikuwa na mabaki ya dawa ya usingizi, ya maji, tena nyingi. Daktari aliyechunguza maiti alisema Ulimi alikuwa mgonjwa wa moyo na alikuwa akimeza vidonge kwa siri. Mtu mzima wa afya angelala mpaka jioni na kuamka na kichwa kizito. Yeye moyo ulisimama.

Sajenti alitoa taarifa ofisini kwa Mkuu wa kituo. Alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwepesi wa ulimi, na alisimulia kesi kama anavyosimulia harusi. Glasi ni ya msichana. Alama za vidole ni zake. Mhudumu alimwona kwa macho yake akimpa marehemu glasi ile mkononi.

"Kwisha kazi," alisema Mkuu, akampigia makofi. "Kesho asubuhi afikishwe mahakamani. Hiyo ni kesi ya mauaji. Kaa, mwanangu, unywe chai."

Sajenti akakaa kwenye kiti cha dirishani.

Inspekta alikitazama kiti kile. Miaka mingi kilikuwa chake. Mkuu alikuwa akimmiminia chai kwa mkono wake na kumwambia, wewe ndiye jicho langu. Hakuna aliyemfukuza pale. Siku moja tu aliingia akakuta kimekaliwa, na yeye, kwa haya zake, akabaki amesimama. Tangu hapo kila kicheko cha Sajenti kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa ulimi ulimuwasha kusema kwamba Sajenti amekosea. Lakini akajiuliza kwanza: napinga kwa sababu ya ushahidi, au kwa sababu ya kile kiti?

"Msichana alikuwa anapiga miayo," alisema mwishowe.

"Mwayo si ushahidi, Inspekta."

"Naomba apimwe damu."

Mkuu aliinua mabega. "Mpime. Lakini kesho mahakama haitakungoja."

Muuguzi alitoa damu mchana, na kabla ya kufunga ofisi jibu likarudi. Dawa ile ile ilikuwa ndani ya damu ya msichana. Kidogo, ila ilikuwemo.

*

Msichana aliletwa chumba cha mahojiano. Aliuliza kama baba yake ameambiwa, na kama mtu akisingiziwa kuua huweza kurudi nyumbani baadaye. Inspekta akampa maji.

"Ulikunywa glasi ile?"

"Funda moja, mama."

"Kisha ukampa yeye. Kwa nini?"

Akainama. "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Kila mgahawa."

"Fafanua."

"Aliniapisha nisiseme."

"Aliyekuapisha amekufa. Wewe bado uko hai, na kesho unakwenda mahakamani."

Ilitoka taratibu, kwa vipande. Ulimi alikuwa amepoteza ladha. Ilianza kwa homa moja mbaya, ladha ikawa inapotea na kurudi, na mwaka huu ikamwacha kabisa. Chumvi na sukari kwake vilikuwa jamaa moja. Akatafuta mtu mwenye ulimi mzuri asiyejulikana na wapishi. Msichana alionja kwanza, akamwambia taratibu anachokisikia, kisha Ulimi alimsogezea glasi yake, akaichukua ile ile, pale pale alipoweka mdomo yeye, na kunywa akitafuta alichoambiwa. Pengine alikipata kidogo. Aghalabu hakupata kitu.

"Siku ile ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kuna uchungu mwishoni, si wa zabibu." Machozi yakamdondoka. "Akanywa kuutafuta. Hakuupata. Akanywa tena. Akaimaliza yote, mama, akiutafuta tu."

Inspekta aliyaandika maneno hayo. Fumbo lililomsumbua tangu asubuhi, kwamba bingwa wa kuonja amewezaje kunywa dawa chungu glasi nzima, lilikuwa limefumbuka.

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna."

"Hata mpwa wake?"

"Huyo ndiye ambaye mjomba wake alimficha zaidi. Alisema, yule ananiona mimi mfalme. Akijua nimebaki na kinywa kitupu, nitamtazamaje?"

Kabla hajaondoka, Inspekta alimuuliza nani alipanga glasi mezani. Msichana akashangaa, kama kwamba jambo lile linajulikana na dunia nzima. Mpwa. Vitambaa vya migahawa huacha harufu ya sabuni, kwa hiyo mpwa hufuta glasi kwa kitambaa chake mwenyewe na kuziweka mahali pake, moja upande wa ukutani anapokaa mjomba, moja upande wa pili. Hakuna mhudumu aliyeruhusiwa kuzigusa.

*

Mpwa aliingia amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Sajenti alikaa pembeni kuandika maelezo. Inspekta alimsomea onyo la kisheria, kisha akaanza mbali.

"Unalala vizuri, dada?"

"Nani atalala katika hali hii?"

"Kabla ya haya. Msimu huu."

Mpwa akaushika mkoba wake. "Daktari alinipa matone."

"Unayo?"

Alifungua mkoba akatoa kichupa. Kilikuwa kimebaki chini kabisa. Inspekta hakukigusa. Alikiacha mezani kati yao.

"Ulikaa na mjomba wako mezani kwa muda mrefu. Aliwahi kunywa kwenye glasi yako?"

"Mjomba?" Kwa mara ya kwanza mpwa alitabasamu, tena kwa fahari. "Kamwe. Hata nilipokuwa mtoto hakuwahi kugusa kikombe changu. Alisema kinywa cha mtu ni nyumba ya mtu. Glasi ya mwenzake hakuitia mdomoni."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Msimu huu alikunywa glasi ya msichana. Kila mgahawa. Wahudumu wote tuliowauliza wamesema hivyo."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha likazimika.

"Uongo."

"Wewe ulikuwa umeshatangulia mji mwingine. Ungeonaje?"

"Glasi yake?" Sauti ilikuwa ndogo. "Aliinywa glasi yake?"

"Mpaka mwisho."

Mpwa aliangalia mikono yake iliyofuta glasi zile. Sajenti aliacha kuandika. Nje mtu alikuwa anafagia uani, na mfagio ulisikika wazi.

"Sikutaka afe mtu," alisema mpwa. "Nilitaka alale tu."

"Nani?"

"Yule. Alale mezani, mdomo wazi, mate yanamtoka, mbele ya wapishi. Mjomba asingevumilia aibu ile. Angemrudisha kwao jioni ile ile, na mimi ningerudi kwenye kiti changu. Nilichagua mvinyo mchanga, ule mkali unaokausha kinywa, ili asisikie. Nikatia matone kwenye glasi ya upande wa pili. Upande wa ukutani sikugusa. Ningewezaje kuugusa?" Akajipiga kifua. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, nikaugua. Nilikuwa nafika kila mji, nachungulia mapipa ya taka, nanukia uchafu, ili yule akija akae pale anuse mvinyo. Usiku nahesabu dari. Namwona mjomba anacheka naye. Siku moja nilimsikia akimwambia, wewe niambie, mimi nafuata. Mimi hakuwahi kuniambia, 'Niambie.'"

Inspekta alijua kwamba maelezo yalikuwa yametosha. Kesi ilikuwa imekwisha, na msichana angelala kwao. Hakulazimika kusema zaidi. Lakini aliona si haki mtu afungwe bila kujua amefungwa kwa ajili ya nini.

"Mjomba wako hakuwa na ladha tena," alisema. "Alimhitaji yule kama kipofu anavyohitaji fimbo. Alikuondoa mezani usije ukagundua. Watu wote wangejua, asingejali. Ni wewe tu aliyekuonea haya."

Mpwa alimtazama kama asiyeelewa lugha. Kisha akakiegemeza kichwa mezani, shavu juu ya mbao, vile vile alivyolala mjomba wake, akalia bila sauti.

"Angeniambia," alisema. "Mjomba, si ungeniambia tu?"

Akatia sahihi maelezo yake.

*

Baba wa msichana alikuja kumchukua kwa gari la kubebea zabibu. Walipoondoka, Sajenti alibaki na Inspekta kwenye ngazi za kituo.

"Ningemfunga, afande," alisema. "Ningemfunga mtu asiye na kosa, na ningekunywa chai juu yake."

"Ushahidi ulionekana hivyo."

"Wewe hukudanganyika. Mimi nilitazama glasi, wewe ulikwenda moja kwa moja kwa yule aliyeondolewa kwenye kiti. Ulijuaje?"

Inspekta aliangalia uani. Kwa kawaida yake angesema ni uzoefu, akaingia ndani. Maneno yalikuwa yamekaa kifuani tangu zamani, na alikuwa ameyazoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Akamfikiria mzee mmoja aliyemaliza glasi nzima kuliko kusema sentensi moja.

Akashuka ngazi moja, wakawa sawa kwa kimo.

"Nakuonea wivu, mdogo wangu," alisema. "Tangu siku ile uliyokaa kwenye kiti cha dirishani."