Mlango Uliotobolewa

Jumamosi ile Nikodemo aliamka na furaha ya mtu aliyepata kitu alichokitafuta kwa muda mrefu. Ni fundi umeme wa Mitwero, na nyumba nyingi za pembezoni mwa mji wa Lindi zimepitishwa nyaya na mikono yake. Lakini mapenzi yake hayakuwa kwenye umeme. Yalikuwa kwenye muziki, na siyo muziki wa masabufa yanayotikisa mabati ya jirani. Nikodemo alitaka kusikia mtu akiimba kama mtu, asisikike kama amefungiwa sandukuni.

"Kinachoharibu ni kasha," alimweleza mkewe kwa mara nyingine, huku akichora duara kwenye ubao kwa penseli. "Spika ukiitia kwenye kasha, sauti ya nyuma inafia humo humo. Ukiifunga kwenye ubao mtupu, mpana, mbele inaimba na nyuma inaimba. Chumba kizima kinapumua."

Flora alikuwa kwenye cherehani, anakunja pindo la sare ya shule. "Na mimi nitapita wapi, chumba kikishaanza kupumua?"

Wakacheka. Mtoto wao Bertha alikuwa shule ya bweni, nyumba ilikuwa na nafasi, na Flora hakuwa mtu wa kumkatalia mumewe starehe yake hiyo moja.

Shida ya spika za namna hiyo ni ubao. Lazima uwe mpana, mzito, usiotetemeka. Nikodemo alikuwa ameupata Rutamba, alikokwenda kupitisha nyaya kwenye nyumba mpya ya Mzee Yassin. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na nyumba kuukuu ya bibi mmoja aliyekufa bila watoto, nayo ilikuwa inabomolewa. Chumba cha uani kilikuwa na mlango wa mbao mbili za mkongo, ule mti mgumu, nene, zisizo na ufa hata mmoja. Komeo lilikuwa nje. Upande wa ndani hapakuwa hata na kishikio.

"Mzee, na mlango huu?" aliuliza.

Mzee Yassin alitazama pembeni. "Chukua, fundi. Hapa hakuna anayeutaka."

Mkongo ule ulimpa kazi. Msumeno ulilia, ukatoa moshi, na unga wake ulikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Lakini kufikia mchana mbao zote mbili zilikuwa zimetobolewa, kila moja na spika yake katikati, zimesimamishwa sebuleni kwa miguu ya mninga. Akaziweka mbali na ukuta ili sauti ya nyuma ipate pa kwenda. Kati ya mbao na ukuta ikabaki nafasi ya kumtosha mtu kuketi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kwaya ya kigango cha Rutamba, uliorekodiwa Pasaka ya mwaka huo. Nikodemo alipobonyeza, Flora aliacha kushona. Waimbaji walikuwa pale sebuleni. Ungeweza kumwonyesha kwa kidole mama wa sauti ya kwanza, na yule mzee anayevuta pumzi kwa nguvu kabla ya kila ubeti.

"Jamani," Flora alisema, machozi yakimlengalenga. "Kama wamekuja kututembelea."

Nikodemo alijisikia mfalme. Akainuka akapita nyuma ya mbao kukaza waya mmoja uliokuwa umelegea.

Huko nyuma kulikuwa na mtu anaimba peke yake.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa besi, nzito, inachelewa kidogo nyuma ya kwaya kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua vizuri. Haikuwa na maneno. Ilikuwa na miisho ya maneno tu, mianzo yake haipo. Nikodemo akasema moyoni kwamba ni mwangwi. Sauti ya nyuma inagonga ukuta, inarudi. Akanyoosha mkono akapunguza muziki.

Kwaya ikapungua. Ile besi haikupungua.

Akazima kabisa. Kimya. Kisha, baada ya kimya, mtu akameza mate.

Hakumwambia Flora. Alikuwa na sababu. Flora alikuwa na mdogo wake, Cletus, aliyeondoka kwao Newala akahamia Rutamba kulima ufuta. Siku moja Cletus alianguka shambani akiwa mzima wa afya. Wenzake walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Alizikwa huko huko, na Flora hakuwahi kuuona mwili, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Watu wa Rutamba walinong'ona wakati wa msiba. Walisema yule hakufa, yule kachukuliwa; mliyezika si yeye. Walisema yuko kwa mtu, analimishwa, na ulimi wamemkata ili asiwataje. Flora aliwafukuza wote walioleta maneno hayo. Lakini aliyasikia. Na Cletus alikuwa mwimbaji wa besi.

Jumatatu Nikodemo aliporudi kula chakula cha mchana, jiko lilikuwa baridi. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Muziki ulikuwa unapiga taratibu sebuleni na hapakuwa na mtu kwenye kiti.

"Mama Bertha?"

Flora alikuwa nyuma ya mbao. Ameketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, shavu ameliegemeza karibu kabisa na spika.

"Ni Cletus," alinong'ona. "Sikiliza anavyovuta mwisho wa mstari. Ni yeye."

"Kwaya hii imerekodiwa mwaka huu, Mama Bertha. Cletus alikuwa ameshazikwa."

"Najua ilirekodiwa lini." Alimtazama kwa macho ambayo Nikodemo hakuyazoea. "Hayumo kwenye kwaya. Yumo humu."

Tangu siku hiyo akawa anakaa pale kila mchana. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, wakakuta hazijaguswa, wakaondoka wananung'unika. Nikodemo alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali. Flora hakubishana. Alimsubiri aende kazini, akarudi nyuma ya mbao.

Kisha ulimi wa Flora ukaanza kuchoka. Mwanzoni Nikodemo alidhani mkewe ana jino linalouma. Aliangusha herufi moja moja. Chumvi ikawa "humvi". Sukari ikawa "huhai". Yale maneno ya midomo yalitoka vizuri, mama, baba, pipa. Lakini kila neno linalotaka ulimi uinuke lilitoka limeliwa.

"Baba Be'ha," alimwita siku moja.

Nikodemo aliweka kijiko chini. "Fungua mdomo nikuone."

Akafungua. Ulimi ulikuwepo, mzima, mwekundu. Ulilala chini tu. Haukuinuka.

Walikwenda hospitali. Daktari alimpima, akamtoboa kidole, akamwambia avute mkono wake, asukume. Hakuona kitu. Waliporudi Flora alipita moja kwa moja nyuma ya mbao hata kabla ya kuvua viatu.

Nikodemo akang'oa nyaya zote. Akalichukua amplifaya, lile la kuziendesha spika, akalifungia kwenye boksi la zana, akaondoka na funguo. Alikuwa juu ya dari ya mtu, anavuta waya, moyo ukakataa kutulia. Akashuka. Akarudi nyumbani jua likiwa bado kichwani.

Sebule ilikuwa kimya. Flora alikuwa pale pale, shavu kwenye spika, anatabasamu.

"Mama Bertha, hakuna kinachopiga."

Flora akaweka kidole mdomoni. "'Yamaha," alinong'ona. "A'ao'ea."

Alitaka kusema: nyamaza, anaongea.

Nikodemo alichuchumaa. Hakusikia kitu. Lakini aliiona koni ya spika, ile karatasi yake ya katikati. Hakuna waya. Hakuna umeme. Na koni ilikuwa inatoka, inaingia. Inatoka. Inaingia. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akaweka kiganja. Ilikuwa na joto.

Akatoka nje akiwa amebeba simu, akampigia Mzee Yassin.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Taa zote zinawaka, Alhamdulillahi."

"Mzee, ule mlango."

"Umeutia wapi?"

Nikodemo akamweleza. Mbao, spika, besi, ulimi wa mkewe. Akamtaja na Cletus.

"Yule kijana wa ufuta," Mzee Yassin alisema polepole. "Shamba lake lilipakana na la bibi yule. Fundi, sikiliza. Alipokufa bibi tulifungua chumba kile. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa kimefagiwa. Pembeni kulikuwa na sahani, zimeoshwa, zimepangwa. Sahani nyingi. Na bibi alikuwa akiishi peke yake." Akashusha pumzi. "Nilikwambia chukua mlango. Nilidhani unakwenda kuufanya meza. Mlango ule kazi yake ilikuwa kuzuia sauti. Wewe umeutoboa."

"Niuchome?"

"Usichome!" Sauti ya mzee ilipanda. "Kama kuna cha mkeo kimeshaingia, utachoma nacho. Urudishe ulipokuwa. Na wakikuita humo, usiitike."

Asubuhi iliyofuata alikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akapakia mbao. Spika alikuwa ameshazifungua. Vile vipande vya duara alivyovikata alivikuta uani, Flora alikuwa amevitumia kufunikia ndoo. Akavichukua pamoja na nyundo na misumari. Flora alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, katikati ya mbao mbili, na njia nzima hadi Rutamba Nikodemo alimwona kwenye kioo midomo yake ikicheza.

Nyumba ya bibi ilikuwa imeshakwisha kubomolewa. Kilichobaki ni chumba kile tu cha uani, kuta nne za udongo bila paa, na uwazi wa mlango. Wabomoaji walikuwa wamekiacha. Jua la saa nne lilimwagika ndani, ungeweza kuona kila kona. Vumbi. Jani moja la mnazi. Hakuna kingine.

Mzee Yassin alisimama mbali, kwenye kivuli cha nyumba yake, tasbihi mkononi. Hakusogea.

Nikodemo alirudisha mbao kwenye bawaba zake. Zilikaa kama hazijawahi kutoka. Akasukuma komeo. Akapachika kipande cha kwanza cha duara kwenye tundu lake, akakipigilia. Akachukua cha pili.

Flora alikuwa ameshafika kwenye tundu lililobaki. Ameweka mdomo pale.

"'Ehu," aliita. "'Ehu, 'oha." Cletus, toka.

Nikodemo alisimama kwa ncha za vidole, akachungulia juu ya ukuta. Chumba kilikuwa tupu. Jua, vumbi, jani. Akashusha macho, akaona nywele za Flora za mbele, zile zilizokuwa karibu na tundu, zinasogea. Zinasukumwa. Zinavutwa. Zinasukumwa. Mtu alikuwa anapumua upande wa pili.

Kisha sauti ikaja. Haikuwa besi.

"Baba Bertha," ilisema. "Fungua mlango. Nimechoka humu."

Ilikuwa sauti ya Flora. Safi, kila herufi mahali pake, na kile kicheko kidogo mwishoni anachokuwa nacho anapoomba kitu. Flora mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, mdomo umefumbwa.

Mkono wa Nikodemo ukaenda kwenye komeo. Hakuutuma. Sauti ya mkewe ilikuwa humo ndani. Akifunga, atarudi nyumbani na nani? Akifungua, atatoka nani?

"Baba Bertha, unanisikia?"

Alifungua kinywa aitike.

Kiganja cha Flora kikamziba mdomo. Kwa nguvu, mpaka meno yakauma midomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini macho yalikuwa yake, yale ya siku zote. Akatikisa kichwa. Akamnyang'anya kile kipande cha duara, akakisukuma kwenye tundu, akaokota nyundo.

"Mama Bertha ni mimi," ilisema sauti nyuma ya ubao. Ilisema kwa haraka sasa. "Ni mimi, ni mimi, ni—"

Flora akapiga. Akapiga tena. Chini ya pigo la tatu sauti ikawa mbili, kisha zikawa nyingi, za kike na za kiume, hazina maneno, zina miisho tu. Akaendelea kupiga hata baada ya msumari kuzama, mpaka Nikodemo akamshika mikono.

Palikuwa kimya. Kuku alipita uani akidonoa. Mzee Yassin alikuwa amekaa chini.

Walirudi Lindi, safari hii Flora amekaa mbele. Bahari ilipoanza kuonekana aliomba maji. "Maji," alisema, na baada ya kunywa, "Asante." Kila herufi ilikuwepo. Nikodemo alisimamisha gari pembeni, akaweka kichwa kwenye usukani, akalia kama mtoto.

Siku hizi Flora anashona kama zamani. Spika zimerudi kwenye makasha, na muziki wanaousikiliza ni wa redio, tena kwa sauti ya chini. Mara moja tu alilirudia jambo lile, wakiwa wanachambua mchele.

"Sauti ile ya mwisho iliniiga tu, maana yangu ninayo," alisema. "Lakini ile ya mwanzo je? Kama ilikuwa ya Cletus kweli, nimemfungia kwa mkono wangu."

Nikodemo aliendelea kuchambua mchele.

Kuna jambo ambalo hajamwambia. Alipohamisha kochi ili apake rangi sebuleni, aliona ukuta ule uliokuwa nyuma ya mbao. Mahali alipokuwa akiegemea Flora pana doa la mafuta, kama yanavyobaki mafuta ya nywele ukutani mtu akiegemeza kichwa kila siku. Hilo alilitegemea. Lakini kando yake kulikuwa na jingine. Na jingine. Yamepangwa kwa mstari mpaka kwenye kona, mengine ya watu warefu, moja la chini kabisa, la kichwa cha mtoto. Alipitisha kidole kwenye lile la mwisho, pale kwenye kona, karibu na mlango wa sebule.

Lilikuwa bado bichi.