Klachi Iliyokaa Upande

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiroboto alifuta kioo cha mbele cha pikapu huku baba yake akipanga kreti za mikate nyuma. Jina hilo la utani alipewa na mama yake kwa sababu alikuwa msichana asiyeweza kukaa mahali pamoja. Mama alioka mikate, baba aliisambaza madukani. Pikapu, ingawa ilikuwa kuukuu na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, ndiyo iliyowalisha.

Wiki moja gari lilianza vituko. Baba alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likajikongoja kama lililobeba nyumba nzima. Lilipofika kwenye kilima cha karibu na shule lilitoa harufu ya kitu kinachoungua, likagoma kabisa. Wapita njia walisaidia kulisukuma hadi nyumbani. Baba alisema sahani ya klachi imekwisha. Alimweleza Kiroboto kwamba sahani hiyo ndiyo inayoshikanisha injini na gia boksi; ikilika, injini huzunguka peke yake na magurudumu hayana habari.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa fundi wa magari upande wa pili wa mji. Aliahidi kuja Jumapili, siku ambayo gereji yake hufungwa. Lakini baba hakutaka kusubiri. Aliogopa wenye maduka wasije wakahamia kwa mwokaji mwingine. Tena, tangu utotoni alikuwa amechoka kuitwa mdogo asiyejua kushika spana. Alinunua klachi mpya, akaliinua gari, akaliegemeza juu ya magogo imara, na Jumamosi asubuhi akajilaza chini yake, akaishusha gia boksi na kuitoa sahani ya zamani. Baba mkubwa alimpigia simu kumwonya kwamba kabla ya kukaza bolti ahakikishe sahani imekaa katikati kabisa, wala asipime kwa macho. Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi, akakata simu.

Mama alikuwa ametoka kwa miguu na kapu la mikate, kwa hiyo Kiroboto ndiye aliyeshika tochi. Aliona jinsi sahani ilivyopachikwa kati ya gurudumu zito la chuma nyuma ya injini na kifuniko chake. Katikati ya sahani palikuwa na tundu lenye meno, na ndani zaidi, kwenye lile gurudumu, tundu jingine dogo. Shafti ya gia boksi, chuma kirefu kama mtaimbo, ilitakiwa ipite katika matundu yote mawili. Baba alifumba jicho moja, akasogeza sahani kwa kidole, akasema imekaa sawa. Kisha akakaza bolti mpaka mwisho.

Gia boksi haikuingia. Baba aliiinua kwa jeki na kuisukuma kwa mikono, shafti ikapita kidogo, halafu ikagota. Akaishusha, akaigeuza, akaisukuma tena. Jasho lilimwingia machoni. Kiroboto aliinama na kumulika vizuri, akaona matundu mawili hayakutazamana.

"Baba, tundu la sahani liko chini kidogo," alisema.

"Wewe shika tochi."

Baadaye alimwambia tena, kwa sauti ndogo zaidi. Baba akamjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kufungua bolti hata moja asimfundishe kazi. Kiroboto akanyamaza. Angefanya nini? Mikono yake haikuwa na nguvu, na maneno yake hayakuwa na uzito.

Baba aliegemeza kifua kwenye gia boksi, akaisukuma kwa hasira. Jeki ikainama. Gia boksi ikateleza, ikamwangukia kifuani na kuubana mkono wake wa kulia ardhini.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mpira unaoisha upepo.

Kiroboto alitupa tochi, akashika chuma kile na kuvuta. Vidole vyake viliteleza kwenye oili. Alijaribu kuinyoosha jeki, lakini ilikuwa imebanwa chini ya mzigo uleule. Alikimbia kwa jirani, akakuta kufuli mlangoni. Barabarani palikuwa na watoto wadogo wakicheza mpira wa matambara, wasioweza kuinua hata kreti tupu. Akarudi mbio.

"Usimpigie baba yako mkubwa," baba alinong'ona. "Nitajitoa."

Alijaribu, uso ukambadilika, akaacha. Kiroboto hakuwahi kumsikia baba yake akiongea kwa sauti nyembamba namna ile. Simu ilikuwa juu ya sanduku la vifaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya alichokatazwa huku baba akimtazama. Alipiga. Baba mkubwa hakuuliza mengi, alisema anakuja.

Kilichobaki ni kungoja. Kiroboto alijilaza mchangani kando ya gari, kichwa karibu na cha baba, akamfuta jasho kwa pindo la gauni. Vidole vya mkono uliobanwa vilianza kuwa na rangi mbaya. Baba alimwomba aongee, aongee chochote. Kichwani mwake hamkuwa na kitu, basi akaanza kutaja maduka wanayopelekea mikate, moja baada ya jingine: la kwenye kona, la mama mwenye miwani, la pale penye mbwa. Alipoyamaliza alianza upya. Kila mlio wa gari barabarani ulimpa tumaini, kisha ukapita na kwenda zake. Alilia bila kuacha kutaja maduka.

Baba mkubwa alifika kwa pikipiki na mwenzake wa gereji. Waliinua chuma, wakamvuta baba nje, wakamkimbiza zahanati. Mfupa ulikuwa mzima, lakini mkono ulivimba, ukafungwa na kuning'inizwa shingoni.

Jumapili baba alikaa kwenye kigoda akitazama watu wengine wakifanya kazi yake. Baba mkubwa alifungua kifuniko na kuikuta sahani imekaa upande.

"Jicho lako zima, mdogo wangu, ila si rula," alisema taratibu.

Alichonga kijiti cha mbao kilichonyooka. Kiroboto alikizungushia utepe hadi kikatosha barabara, kikapita katikati ya sahani na kuingia kwenye tundu dogo la nyuma bila kucheza. Alikishikilia huku baba mkubwa akikaza bolti kidogo kidogo, moja ya huku, kisha ya upande wa pili. Kijiti kilitoka kama kisu kwenye siagi. Baba mkubwa na mwenzake wa gereji wakainua gia boksi, nayo ikaingia moja kwa moja hadi mwisho.

Baba aliinuka kwenye kigoda. Kisha akamwita binti yake.

"Jana uliniambia mara mbili, nami nikatazama umri wako badala ya kutazama ulichokuwa unanionyesha," alisema. "Kitu kikikataa kuingia, mwanangu, usikilazimishe. Simama, uulize umekosea wapi. Kuuliza kungenigharimu aibu kidogo tu. Ubishi nusura uniue."

Kiroboto alitazama chini. "Na nikiona umekosea tena, halafu ukaniambia ninyamaze?"

"Usinyamaze," baba akasema. "Niambie mpaka nisikie."