Waya wa Pijo la Mzee Maige

Kabula alizimikiwa na gari mahali pabaya kuliko pote Bariadi: mbele ya soko, msimu wa pamba, malori yamejipanga nyuma yake yakipiga honi kama yapo harusini. Gari lenyewe Pijo 504 jeupe, la baba yake, Mzee Maige. Akashuka na gauni lake la kitenge cha njano, jasho likimtiririka shingoni, akalipiga teke tairi.

"Mwangaluka, mayu! Usilipige, hilo lina umri wa kukuzaa."

Aliyemwamkia hivyo kwa Kisukuma alikuwa Method, fundi umeme wa magari, ovaroli imefunguliwa hadi kifuani. Kabula alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mapenzi hayana hodi.

Likasukumwa hadi gereji. Method akachukua taa ya kupimia, akaigusisha kwenye swichi ya funguo: ikawaka. Akaigusisha kwenye koili, inayozalisha cheche za kuwasha injini: giza. Akaukunja waya kidogo, taa ikawaka, akauachia, ikazima. Tatizo akalijua palepale. Waya ulikuwa mzima kwa nje, shaba imekatika ndani. Kubadilisha kile kipande tu, mwenye gari aende zake.

Akamtazama Kabula. Akafunga boneti.

"Magari ya zamani haya, nyaya zake zina mambo. Niachie, uje Jumamosi."

Ndugu msomaji, ningekuwepo ningemzaba kofi.

Jumamosi ikazaa Jumamosi. Kabula akawa anakuja na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai, anashika taa huku Method akichokoa nyaya zisizo na kosa. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Gari langu je?"

"Kumbe unalipenda gari kuliko mimi!"

"Angalau lenyewe halinidanganyi."

Method akacheka, kisha akaaga haraka.

Kuna jambo Kabula hakumwambia. Mzee Maige alikuwa kitandani kwake Nyashimo, amekonda, na kila binti yake aliposhuka basini kwenda kumtazama alimuuliza hilohilo: "Ng'wanawane, mwanangu, Pijo liko wapi? Nataka nilisikie likinguruma uani, basi." Kabula alikaa kimya kwa sababu aliwajua mafundi, ukiwatajia mgonjwa, wanalipua kazi. Alitaka litengenezwe sawasawa, lisije likazima mbele ya baba.

Asubuhi moja Method akachoka kujificha. Akabadilisha waya, akafuta vioo, akatia pete mfukoni. Kabula akatokea amejifunga kanga nyeusi, macho yamevimba.

"Baba amefariki. Nalitaka gari, hata kwa kulivuta."

"Pole, mama. Pole sana. Limeshapona."

Kabula akazungusha funguo. Likawaka mara moja.

"Lilikuwa na nini?"

"Waya mmoja."

"Uliujua lini?"

Angeweza kudanganya. Lakini alimpenda, na hapo ndipo alipoponzeka.

"Siku ile ile ya kwanza. Nilitaka uwe unarudi."

Kabula akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti hadi watu wa gereji wakaacha kazi. Akamweleza yote: kitanda, Nyashimo, swali la mzee.

"Kwa nini hukuniambia anaumwa?" Method akauliza.

"Na wewe kwa nini hukuniambia unanipenda? Ningerudi kwa miguu, Method."

Akaondoa gari. Method akabaki amesimama, mkono mfukoni, akiomba moyoni lizime hata pale sokoni tu. Halikuzima.

Nyashimo, Kabula aliliingiza uani, waombolezaji wakapisha. Akashuka, akaliacha lingurume mbele ya mlango wa chumba cha baba yake. Lilinguruma vizuri, bila kukatika hata mara moja. Simu ikaita, jina la Method. Hakuipokea.

Siku hiyo Kabula aliwalilia wanaume wawili, na mmoja wao alikuwa hai.