Nafasi ya Namba Nane

Jumamosi hiyo soko la vifaa vya umeme lilifurika watu, ukitaka kugeuka umwombe jirani ageuke kwanza. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alipenya hadi kwenye kibanda cha pembeni akiwa amekumbatia taulo kama amebeba mtoto mchanga.

"Kaka, mgonjwa ana shida gani?" aliuliza fundi. Alikuwa msichana mwenye koti la kazi la bluu na hereni ndogo, nywele amezifunga juu kwa waya wa chaja.

"Haiwaki." Akafungua taulo. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya zamani, iliyogeuka njano kwa uzee, na kaseti yake ya mpira wa miguu.

"Mh! Si ununue mpya?"

"Mpya ninayo. Unarudi kazini umechoka, unaiwasha, inakwambia subiri kwanza, inajisasisha. Unasinzia, unaamka, bado inajisasisha. Hii unachomeka kaseti, unacheza."

"Baada ya kuipulizia."

"Ndiyo, naipulizia kidogo."

"Mate yako ndiyo yaliyozila hizi pini, kaka yangu. Uache."

Kijana akacheka, na moyo wake ukaenda papo hapo. Kazi yake ilikuwa kukata vioo vya miwani, na watu walimwita Kipa. Mashine ilipona siku ile ile, lakini yeye hakuacha kurudi kibandani, mara pedi ya kuchezea inateleza, mara waya umelegea, mpaka akaishiwa vya kuharibu akaomba namba ya simu.

Basi wakawa watu wa simu.

"Nimeimaliza ile gemu mpya uliyoniazima," Fundi alimwambia. "Milima ile, na mvua unaisikia kabisa! Mwishoni nimelia."

"Mimi ilinichosha. Kila ukigeuka mshale unakuonyesha njia. Za zamani zilikuacha upotee."

"Za zamani zilikuwa ngumu kwa sababu zilikuwa fupi, mpenzi. Zingekuwa rahisi ungezimaliza kabla chai haijapoa. Unazipenda kwa sababu ulikuwa mtoto."

Kipa aliguna tu, Fundi akaendelea.

"Haya, na kwa nini wanakuita Kipa, na mpira wenyewe unaukimbia?"

"Hiyo stori ndefu, malkia wa waya."

Kila wakifika hapo aliifunga kwa mzaha. Hilo ndilo kosa lake, nami simfichi. Juu ya gemu angeongea mpaka simu ipate moto, lakini la moyoni hakulitoa.

Siku ya kuzaliwa ya Kipa ilipokaribia, Fundi aliichukua ile kaseti kimyakimya akaifungua. Ndani yake kuna betri ndogo inayotunza pale mchezaji alipofikia, na hiyo ilikuwa inakata roho. Akaitoa, akachomelea mpya, akazisugua pini zikang'aa. Alijua betri ikitoka kilichotunzwa kinafutika. Lakini ni mechi tu, alijiambia, atazicheza tena.

Siku yenyewe alikuja amevaa gauni la kijani, akamwashia mashine mwenyewe.

"Timu yangu iko wapi?" Kipa aliuliza.

"Nimekuwekea betri mpya! Sasa itadumu..."

"Timu iko wapi?"

"Imefutika, mpenzi. Utatengeneza nyingine."

Kipa aliweka pedi chini. "Nenda nyumbani. Tafadhali."

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena na tena mpaka akaona aibu. Mapenzi yalimuuma vibaya, na kilichomuuma zaidi ni kutojua kosa lake. Siku Kipa alipopiga mwenyewe, Fundi alikuwa kibandani na koleo mkononi.

"Ile timu aliitengeneza dada yangu mkubwa," Kipa alisema bila salamu. "Wachezaji wote aliwapa majina ya nyumbani. Mimi kitinda mimba akanitupa golini. Ndiye aliyeniita Kipa. Tulipomzika nikabaki na hiyo. Sichezi hata. Nawasha, nasoma majina, nazima."

Fundi alikaa chini. "Kwa nini hukuniambia? Ningeshikiza betri mpya pembeni kwanza, ndipo nitoe ya zamani. Kusingefutika kitu. Ungeiacha vile vile nayo ingekufa yenyewe."

"Nimekukasirikia wewe, kumbe ni mdomo wangu mwenyewe."

"Na mimi nilishika cha mtu bila kuuliza. Nisamehe."

"Njoo, unisaidie kuandika."

Alikuja na koti lake la kazi. Wakawasha mashine, Kipa akataja, Fundi akaandika. Mama beki wa kati, hapitwi. Shangazi namba tisa, kwa sababu akifungua mdomo lazima afunge goli. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi, na Kipa aliyemtazama naye alikuwa anafuta yake. Dada namba kumi, kapteni. Kipa golini palepale.

"Namba nane nani?"

"Hakuwepo mtu. Dada hakuijaza." Kipa alikohoa. "Alisema hiyo ni ya wifi yake, siku akipatikana."

Fundi hakugeuka. "Na huyo wifi alitaka acheze kwa mkopo?"

"Hapana. Kwa ndoa. Ukikubali."

Fundi aliandika jina lake mwenyewe kwenye namba nane, taratibu, herufi moja moja. Kisha akabonyeza kitufe cha kutunza, akasubiri, akabonyeza tena, safari hii kisifutike kitu.